Hanesi ya kuchomeka ya alamu ya gari: nimeifunga kwa mkono wangu, haya ndiyo maoni yangu

Nianze na hukumu, maana najua wapo wanaosoma hapa wakiwa wameshachagua mzigo na kilichobaki ni kulipa. Hanesi ya kuchomeka, yaani fungu la nyaya la kuunganishia alamu kwenye gari, inafaa. Nikibadilisha gari kesho nitanunua nyingine. Ila inafaa kwa sababu ambayo boksi lenyewe haliipi uzito. Boksi linatangaza kwamba utafunga alamu haraka, bila ujuzi, bila kukata waya. Haraka, si sana. Bila ujuzi, hapana. Bila kukata waya, hapo ndipo penye thamani yote.

Gari nililokuwa nalo kabla ya hili lilifungwa alamu na fundi kwa mtindo tunaoujua sote: waya wa stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, umekatwa, ncha zimechubuliwa, zimesokotwa pamoja na waya wa alamu, zikavishwa tepu nyeusi ya umeme. Gari likawaka vizuri na miaka ikapita. Kisha likaanza tabia ya kugoma. Unazungusha ufunguo, kimya. Unarudia, kimya. Unagonga chini ya usukani, linawaka. Tukabadilisha betri, tukafungua stata, kumbe ugonjwa uko kwenye kile kiungo: gundi ya tepu imeyeyuka kwa joto na kuacha shaba wazi, shaba imeota ukoko wa kijani, na pale paliposokotwa pamelegea. Tangu hapo sitaki kuona kisu kinagusa waya wa kiwandani wa gari langu. Anayeona ninakuza jambo dogo, ajaribu kukwama usiku na watoto ndani ya gari kwa sababu ya waya uliosokotwa kwa vidole.

Kwa asiyeijua hanesi hii, ni fungu la nyaya lenye plagi mbili zinazofanana na zile za gari lako, moja dume na moja jike. Unachomoa plagi ya kiwandani iliyo nyuma ya swichi ya ufunguo, unaiunganisha na upande mmoja wa hanesi, kisha upande wa pili unauchomeka kwenye swichi. Umeme unaendelea na safari yake ya kawaida, ila njiani kuna tawi linalokwenda kwenye kisanduku cha alamu. Ukitaka kuiondoa, unachomoa, unarudisha plagi ya kiwandani mahali pake, na hakuna atakayejua kwamba kulikuwa na kitu.

Gari langu ni Toyota Corolla ya ufunguo wa kuzungusha, gia otomatiki, usukani upande wa kulia. Nyaya za swichi za Toyota za aina hii zina majina yake, na ukiyajua nusu ya woga inakwisha. AM1 na AM2 ni nyaya mbili zinazoleta umeme wa betri saa zote, na fyuzi zake utazikuta kwenye boksi la fyuzi zikiwa na majina hayohayo. ACC ni wa redio na vitu vidogo vya ndani. IG1 na IG2 zinaamsha dashibodi, feni, kompyuta ya injini na mfumo wa moto. ST ndiyo inayoita stata. Unapozungusha ufunguo unaunganisha zile mbili za kwanza na hizi nyingine kwa zamu, basi. Lakini kwa kuwa sehemu kubwa ya umeme wa gari inapita kwenye plagi hii moja, ukiweka hanesi mbovu pale umeweka ubovu kwenye mlango mkuu wa nyumba.

Kwa hiyo kabla ya kugusa gari niliikagua hanesi mezani, na nawasihi mfanye vivyo hivyo. Geuza plagi uitazame kwa nyuma, upande ambao nyaya zinaingia. Kila pini inatakiwa kukaa kwenye chumba chake na kushikwa na kijino kidogo. Pini ambayo haijashikwa itaonekana imekaa sawa, lakini utakaposukuma plagi kwenye swichi itarudi nyuma milimita chache. Wewe utasikia mlio wa plagi kuingia na utaamini kazi imekwisha, kumbe waya mmoja haujagusa kitu. Nilivuta kila waya taratibu kwa vidole viwili. Wa IG2 ukanifuata mkononi. Haukuwa umekatika, kiwandani haukusukumwa mpaka mwisho. Niliurudisha mpaka nikasikia kijino kimeuma, nikauvuta tena, ukagoma kutoka. Ni kasoro inayorekebishika kwa dakika moja, lakini kwenye bidhaa inayouzwa kwa sifa ya kuchomeka tu, mimi ninaihesabu. Mtu angeichomeka jinsi ilivyotoka kwenye boksi, stata ingezunguka bila injini kuwaka, na lawama zote zingeiangukia alamu.

Baada ya pini, tazama unene wa nyaya. Fyuzi za AM1 na AM2 zina namba, na namba hiyo ndiyo inayokuambia nyaya za hanesi zinatakiwa kuhimili ampea ngapi. Waya mwembamba utawasha gari siku ya kwanza, lakini ukiwasha vitu vingi vya umeme kwa pamoja, waya huo utapata joto kali, na plastiki ya plagi italainika polepole bila wewe kujua. Nyaya kuu za hanesi yangu zimeandikwa milimita mraba 2.5 kwenye ganda. Sikuridhika na maandishi. Nilichubua ncha ya waya mmoja ambao sikuhitaji kuutumia nikaukwangua kwa kisu: mwekundu mpaka ndani. Zipo hanesi ambazo nyaya zake ni alumini iliyopakwa shaba juu. Ukikwangua, weupe unatokea. Alumini inapitisha umeme kwa shida zaidi kuliko shaba na inakatika upesi ikikunjwakunjwa, na chini ya usukani nyaya hukunjwa. Ukikuta weupe, rudisha mzigo ulikotoka. Usijishauri mara mbili.

Tepu ya kitambaa waliyotumia kwenye shina la hanesi ni nzuri, ile yenye manyoya kidogo kama wanayotumia watengenezaji wa magari wenyewe, haigongi wala haitoi gundi. Tawi la kwenda kwenye alamu, kwa bahati mbaya, wameliacha uchi. Ukiliacha hivyo litagonga plastiki za dashibodi kwenye barabara mbaya. Nilinunua tepu ya kitambaa nikalivisha mwenyewe. Tepu nyeusi ya kawaida ya umeme iache mbali na dashibodi. Joto la gari lililoachwa juani linaimaliza.

Kufunga kwenyewe kunaanza kwenye betri. Ondoa kichwa cha hasi kwanza, kisha subiri. Toyota wanasema sekunde 90 zisipungue kabla ya kugusa sehemu zilizo karibu na mifuko ya hewa, kwa sababu mfumo huo una akiba yake ya umeme inayobaki hata betri ikitolewa. Plagi za njano utakazoziona kuzunguka usukani ni za mifuko hiyo. Haziguswi, hazipimwi, wala hutafuti humo umeme wa kuazima. Na kwa kuwa tumefika kwenye kupima: tumia maltimita ya dijitali, ile mita ya kupimia umeme. Ile taa ya kupimia yenye kiwaya na sindano, ambayo mafundi wengi wanaipenda, inavuta umeme wa kutosha kuleta madhara kwenye nyaya za kompyuta na za mifuko ya hewa. Maltimita inavuta kidogo mno kiasi cha kutosumbua kitu.

Ukiisha kufungua kifuniko cha chini ya usukani, utaiona plagi ya swichi kwa nyuma. Plastiki ya gari lililoishi miaka mingi kwenye joto imekauka; kile kijilimi cha kubonyeza kinavunjika kwa urahisi. Nilikibonyeza kwa bisibisi bapa ndogo huku nikisukuma plagi ndani kidogo kwanza, ili kuondoa mvutano, halafu ndipo nikaivuta nje. Shika mwili wa plagi, usishike nyaya. Nikaingiza hanesi pande zote mbili, na zilikaa vizuri mno, bila kulegea hata chembe. Kwa hili nawapongeza waliotengeneza. Plagi za bei chee huwa na mchezo, na mchezo ndio mwanzo wa kuungua.

Hapo nilirudisha betri kabla ya kuunganisha alamu yenyewe, nikapima kila waya wa tawi kwa kuulinganisha na athi, yaani bati la bodi lililounganishwa na hasi ya betri. Umbo la plagi kufanana halithibitishi kwamba nyaya zimekaa kwenye nafasi sahihi, wala rangi haithibitishi kitu. AM1 na AM2 zinaonyesha volti 12 na kitu hata ufunguo ukiwa mfukoni. ACC inapata umeme ukizungusha hatua ya kwanza na inaupoteza stata inapozunguka. Ndiyo maana redio hunyamaza unapowasha gari. Waya wa ignisheni (IG) ambao alamu inautaka ni ule usiopoteza umeme wakati stata inazunguka. Ukiipa alamu waya wa ACC ukidhani ni ignisheni, kila ukiwasha gari itadhani umezima. ST unapata umeme pale tu stata inapozunguka. Kwenye hanesi yangu vibandiko vya majina vilikuwa sahihi vyote, na vimechapwa kwenye ganda la waya, havitabanduka. Hongera kwao tena.

Kisha nikafanya kipimo ambacho ndicho ninachokiamini kuliko vyote. Washa gari, washa feni namba ya juu, taa kubwa na kipasha joto cha kioo, halafu weka ncha moja ya maltimita nyuma ya pini ya AM1 upande wa plagi ya kiwandani, na nyingine nyuma ya pini hiyohiyo upande wa swichi. Unapima volti ngapi zinapotea ndani ya hanesi. Mimi nilipata 0.07. Ningepata 0.2 au zaidi ningeichomoa palepale. Baada ya mwendo mrefu nilishika plagi kwa mkono, na haikuwa na joto kuliko plastiki iliyo jirani yake.

Sasa tuje kwenye kukata stata, kwa sababu alamu inayopiga kelele tu bila kuzuia gari kuwaka ni kelele. Njia ya kawaida ni rilei, swichi ndogo inayoendeshwa na umeme, ya miguu mitano: 30, 85, 86, 87 na 87a. Waya wa ST unapitishwa kwenye 30 na 87a, miguu ambayo imegusana rilei ikiwa imelala. 86 inapata umeme wa ignisheni, na 85 inakwenda kwenye waya wa alamu unaotoa hasi wakati alamu imewekwa. Mwizi akizungusha ufunguo alamu ikiwa imewekwa, rilei inaamka, 30 inaachana na 87a, na stata haisikii lolote. Uzuri wa mpangilio huu ni kwamba alamu ikifa, rilei inabaki imelala na gari linawaka. Ukikuta mtu amepitisha waya wa stata kwenye 87 badala ya 87a, siku alamu ikifa na gari limekufa.

Hanesi hii imeshakata waya wa ST ndani ya tawi lake yenyewe, na ncha mbili zimeishia kwenye soketi ya rilei. Waya wa gari haujaguswa, uliokatwa ni wa hanesi. Ndani ya boksi kuna pia kidaraja, kiplagi kidogo kinachoingia kwenye soketi hiyo badala ya rilei na kuunganisha ncha mbili moja kwa moja. Rilei ikiharibika ukiwa safarini, unachomeka kidaraja na kuondoka. Nimekijaribu, kinafanya kazi, na nimekiweka mahali ninapopajua mimi na mke wangu tu. Kipande hiki kidogo cha plastiki kilinifurahisha kuliko rimoti mbili na maandishi yote ya kung'aa kwenye boksi.

Lakini hapohapo ndipo udhaifu mkubwa wa hanesi za kuchomeka unapojitokeza, na sijaona muuzaji anayeusema. Kinachochomeka kirahisi kinachomoka kirahisi. Mwizi anayezijua hanesi hizi ataingia chini ya usukani, atachomoa plagi mbili, atarudisha ya kiwandani kwenye swichi, na ulinzi wako wa stata umekwisha. Hahitaji kutafuta waya uliofichwa, hahitaji kuchubua kitu. Fundi wa zamani aliyekata waya wa stata kwenye kona isiyojulikana, pamoja na dhambi zake zote, alimpa mwizi kazi ngumu zaidi.

Ndiyo maana sikuiacha hanesi ikining'inia pale ilipotaka kukaa. Plagi mbili nilizifunga pamoja na fungu la nyaya za kiwandani kwa tepu ya kitambaa ya rangi ileile, tabaka juu ya tabaka, mpaka haionekani kwamba kuna kiungo. Rilei nimeisogeza mbali na usukani. Kisanduku cha alamu sikukiweka kwenye nafasi ile ya wazi juu ya pedali, ambako kila mtu anakiweka na kila mwizi anaanza kutafuta. Tatizo ni kwamba tawi la hanesi ni fupi mno, halifiki hata nusu mita, kwa hiyo bidhaa yenyewe inakusukuma uweke kisanduku palepale penye hatari. Ilinibidi nirefushe nyaya za tawi kwa risasi ya kuchomelea na mipira ya kusinyaa kwa joto. Watengenezaji wangeongeza urefu kidogo wangeokoa kazi hiyo yote, na shaba ya kuongeza si nyingi.

Ndani ya boksi kuna hanesi ya pili, ndogo, ya plagi iliyo pembeni mwa miguu ya dereva, kwa ajili ya milango na taa. Hii ndiyo iliyonikera. Karatasi ya maelekezo imechorwa kwa gari la usukani wa kushoto, na haisemi hivyo mahali popote. Plagi ya swichi haijali usukani uko upande gani, lakini nyaya za milango zinajali. Kwenye gari langu plagi waliyoichora ilikuwa upande wa abiria, na nyaya mbili hazikuwa kwenye nafasi zilizoandikwa. Ningefuata karatasi bila kupima, alamu ingekuwa inafungua milango inapotakiwa kufunga. Nyote wenye magari ya usukani wa kulia, muulizeni muuzaji swali hilo kabla ya kulipa: je, hanesi ya milango na mchoro wake ni vya usukani upi?

Nilitafuta waya wa milango kwa maltimita. Kwenye Toyota swichi ya mlango hupeleka waya kwenye athi mlango unapofunguliwa. Kwa hiyo unaweka ncha moja ya mita kwenye betri chanya na nyingine kwenye waya unaoushuku, unafungua mlango, na volti 12 zikitokea umeupata: ni waya wa hasi, unaingia kwenye tundu la alamu lililoandikwa mlango hasi. Ukiuweka kwenye tundu la mlango chanya, alamu haitausoma mlango sawasawa maisha yake yote. Na uchukue waya wa swichi wenyewe, usichukue wa taa ya paa, kwa sababu taa ya paa huendelea kuwaka kidogo baada ya mlango kufungwa na alamu itadhani mlango bado uko wazi. Fungua milango yote mmoja mmoja kuthibitisha, pamoja na buti, kwa sababu magari mengine hutenganisha mlango wa dereva na mingine.

Athi ya hanesi sikuitumia. Wameweka kiwaya chembamba, na mimi kwenye athi sina mzaha. Nilitafuta boliti ya kiwandani kwenye bati la bodi, nikakwangua rangi chini yake mpaka chuma kikang'aa, nikaweka pete ya shaba na kukaza. Alamu nyingi zinazofanya vituko, zinazolia zenyewe au kusahau rimoti, zina athi mbovu na hakuna kingine.

Chini ya boneti, hanesi haikusaidii kitu. King'ora na swichi ya boneti ni kazi ya kupitisha waya kwenye raba iliyo kwenye ukuta wa bati kati ya injini na ndani, na boksi linalosema chomeka tu halikutaji hilo. Elekeza mdomo wa king'ora chini ili maji yasikae ndani, na ukiweke mbali na ekzosi. Swichi ya boneti, inayoiambia alamu kwamba boneti imefunguliwa, usiiruke, maana mwizi anaanza na king'ora chako. Sensa ya mtikiso niliifunga kwenye chuma kinachoshikilia usukani, nikaanza na kiwango cha chini na kupandisha kwa bisibisi ndogo taratibu, huku nikigonga kioo kwa kiganja. Ikilia lori likipita, punguza. Majirani wakishazoea kuisikia ikilia bure, hawatatoka siku itakapolia kwa haki.

Hanesi ina tawi la kuwasha gari kwa rimoti ukiwa mbali. Sikulitumia; ndilo lenye ule waya nilioukwangua, na ncha zake nimezifunika moja moja. Kwa gari la gia za mkono nasema bila kupepesa: usilitumie. Gari lililoachwa kwenye gia litaruka stata ikizunguka, na mbele yake anaweza kuwapo mtoto. Kwa gari la otomatiki lenye ufunguo wa chipu, kuwasha kwa mbali kunahitaji moduli nyingine, kisanduku kidogo cha elektroniki, ya kuiridhisha kompyuta kwamba ufunguo upo. Alamu peke yake haihitaji hiyo, kwa hiyo muuzaji asikubebeshe.

Magari ya kuwashwa kwa kitufe ni habari nyingine. Humo alamu husoma milango na taa kupitia nyaya mbili zilizosokotwa za mtandao wa CAN unaounganisha kompyuta za gari, ule ambao kampuni ya Bosch iliutambulisha mwaka 1986, na hanesi yake inakuja na moduli inayotakiwa kupakiwa programu ya modeli yako hasa. Gari la shemeji yangu nililipeleka kwa fundi mwenye kompyuta na programu, na sikuona aibu. Nilichofanya mimi ni kupima tu. Betri ikiwa imetolewa, kati ya pini ya 6 na ya 14 kwenye plagi ya uchunguzi ilisomeka omu 60 hivi (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), kwa sababu mtandao huo una vizuizi viwili vya omu 120, kimoja kila mwisho. Baada ya hanesi kuchomekwa ikasomeka vilevile. Ingeshuka hadi 40 ingekuwa dalili kwamba moduli imeongeza kizuizi cha tatu, na gari lingeanza kuwasha taa za hitilafu ambazo hazina maana.

Kipimo cha mwisho ni cha betri, na wengi hawakifanyi. Weka maltimita kwenye kipimo cha ampea kati ya kichwa cha hasi na waya wake, gari limezimwa, milango imefungwa, alamu imewekwa. Usisome haraka, kompyuta za gari huchukua muda kulala, kwa mengine hata nusu saa. Langu lilitulia kwenye ampea 0.03, alamu ikiwamo. Kwa saa 24 hiyo ni ampea-saa 0.72. Betri ya ampea-saa 45 ingechukua takribani mwezi kufika nusu, kwa hiyo gari lililoegeshwa wiki mbili litawaka. Ukisoma 0.1 au zaidi baada ya muda huo wote, kuna kitu hakilali, na cha kwanza kuchomoa ni hanesi, jambo ambalo kwa bahati njema linakuchukua dakika chache.

Karatasi ya kiwandani nimeitupa. Nimechora nyingine kwa mkono, inayoonyesha nyaya za gari langu kama nilivyozipima, mahali pa fyuzi ya alamu na rangi ya kila waya niliourefusha. Mahali pa rilei sikupaandika. Wauzaji nimewatumia picha ya mchoro huo pamoja na ombi la kuchapa karatasi mbili tofauti, ya usukani wa kulia na ya kushoto, na kurefusha lile tawi.